Paroko anataka niwe katekista, nami najijua nilivyo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, fundi seremala na mkulima wa mahindi na alizeti, naishi kijijini huku mkoa wa Katavi. Nina mke wa ndoa ya kanisani na watoto watatu. Shule niliishia darasa la saba.

Kigango chetu kiko mbali na parokia. Padre hutufikia mara moja kwa mwezi, na masika yakikolea hata hiyo mara moja hatuipati kwa sababu ya barabara. Jumapili nyingine zote ibada ni ya katekista. Mzee wetu aliyeifanya kazi hiyo tangu mimi mtoto, ndiye aliyenifundisha komunyo ya kwanza, mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia wote umepooza. Tangu hapo tunapokezana tu, leo huyu, kesho yule. Kuna Jumapili watoto wanagonga ile rimu ya gari tunayoitumia kama kengele, watu wanajaa, halafu inaonekana hakuna aliyejiandaa. Tunasali rozari, tunatawanyika.

Juzi paroko alikuja, na baada ya misa akanifuata hadi karakana kwangu. Akakaa juu ya benchi ninalopigia randa, maranda yote yakamshika kwenye kanzu, akaniambia yeye na halmashauri ya walei wanapendekeza niende kusoma niwe katekista. Nikacheka, nikadhani ananitania. Akasema hatanii, nitafakari, atarudi kuchukua jibu kabla ya Majilio.

Shangazi, mimi najijua. Kwanza nina kigugumizi. Nikiwa na watu wawili watatu naongea vizuri, lakini nikisimama mbele ya watu maneno yananikaba, "Baba" peke yake linaweza kunitoa jasho. Kwenye kwaya nikiimba halinisumbui, sijui kwa nini.

Pili, nilikuwa mlevi wa gongo, na si siri. Nimeokotwa mtaroni. Nimeuza randa ya marehemu baba ili nipate ya kunywa. Niliacha kunywa mke wangu akiwa na mimba ya mtoto wetu wa pili na tangu hapo sijagusa, ila watu hawasahau. Jina langu lilipotajwa kwenye jumuiya yetu, mama mmoja, mcha Mungu kwelikweli, alisema nikiwa nimekaa hapo hapo: "Kwa hiyo tutasomewa Injili na mtu tuliyekuwa tunamruka mtaroni?" Watu wakacheka. Sikuwa na la kujibu, maana ni kweli walikuwa wananiruka.

Halafu kuna binti niliyemzaa Sumbawanga kabla ya ndoa, sasa yuko kidato cha pili. Mke wangu anajua, huwa hatulizungumzii. Mama yake alinipigia simu mwezi wa tatu, sikupokea.

Tatu, nadhani paroko amenifuata kwa sababu hana mtu. Vijana waliosoma wamekwenda Mpanda na Dar. Angekuwepo mwalimu mstaafu hapa kijijini, jina langu lisingetajwa. Sasa huo ni wito wa Mungu kweli au ni uhaba wa watu tu? Nasikia wenzangu wakisimulia walivyoitwa, huyu ameota ndoto, yule amesikia sauti. Mimi nimemwona paroko amekaa kwenye benchi langu, basi.

Mke wangu anasema nikubali. Usiku usingizi haunijii. Naomba unipe maneno mazuri ya kumkatalia padre bila kumvunjia heshima, maana ni mtu mwema na sitaki aone nimedharau Kanisa.

Mimi mwanao,
Fundi, Katavi

*

Marahaba, mwanangu.

Maneno ya kumkatalia paroko ninayo, ila leo sikupi. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma nakwama pale pale. Kigugumizi umekieleza, gongo umeieleza, hata rimu ya kengele umeipa nafasi yake. Binti yako umempa sentensi tatu. Tena una "kwanza", una "pili", una "tatu", na yeye umempitisha katikati bila hata kumpa namba. Nitamrudia, na nikimrudia sitamwacha upesi.

Tuanze na hilo la uhaba, kwa sababu ndilo jepesi. Unadhani kuitwa kwa kuwa nafasi iko wazi ni kuitwa nusu nusu. Fungua Matendo ya Mitume sura ya kwanza. Yuda amekufa, kiti chake kitupu. Petro anasimama mbele ya watu wapatao 120, wanatoa majina mawili, Yusufu aliyeitwa Barsaba na Mathia, wanasali, wanapiga kura, inamwangukia Mathia. Ndoto haikuwepo, sauti haikusikika. Kilichokuwepo ni pengo, pamoja na mtu ambaye amekuwa akitembea nao siku zote. Na sifa aliyoitaka Petro ilikuwa hiyo hiyo, awe mtu aliyekuwa pamoja nao tangu mwanzo. Wewe si umekuwepo hapo kigangoni tangu komunyo ya kwanza, hata ulipokuwa ukiingia ukinuka?

Na wewe uko Katavi, kwa hiyo huna haja ya kwenda mbali. Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wazee watakueleza habari za Adrian Atiman. Alizaliwa kule Mali ya leo, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa Sahara kama mzigo. Wamisionari wa Afrika walimnunua Algeria wakamweka huru. Mkuu wao, Kardinali Lavigerie, alikwisha kuona kwamba kazi ya huku kwenye maziwa haiwezi kubebwa na Wazungu peke yao, akawa anapeleka vijana wa Kiafrika Malta wakasomee udaktari ili waje wawe madaktari na makatekista kwa pamoja. Atiman alifika Karema mwaka 1889 na hakuondoka mpaka alipofariki mwaka 1956. Ukiuliza kilichomleta, utaambiwa uhaba. Wagonjwa wa Karema, nadhani, hawakuona shida yoyote na jibu hilo.

Shule yako ya darasa la saba sitaigusa sana. Petro na Yohane waliposimamishwa mbele ya baraza la Yerusalemu, wakubwa walishangaa kwa kuona ni "watu wasio na elimu". Iko Matendo 4:13. Paroko anakupeleka kusoma, si kufundisha chuo kikuu.

Kigugumizi ni jambo la kweli, na sitakuambia kitaisha kwa maombi ya mara moja. Musa alimtajia Mungu udhuru huo huo, kwamba yeye ni mzito wa kusema. Watu huisimulia habari hiyo kama faraja tupu, wanaruka mstari wa 14 wa ile sura ya nne ya Kutoka, unaosema hasira ya Bwana iliwaka. Aliudhika, na bado akampa Haruni, ndugu yake, awe msemaji wake. Sasa na wewe mtafute Haruni wako. Katekista si lazima asome kila kitu kwa kinywa chake. Masomo yana wasomaji. Sala za pamoja mnasali wote, na watu wengi wenye kigugumizi ulimi huwafunguka wanaposema pamoja na wenzao, au wanapoimba, kama wewe mwenyewe ulivyoona kwenye kwaya. Zaburi na wimbo wa katikati viimbe. Mafundisho ya watoto ni mduara wa watu wachache, na umesema ukiwa na watu wachache unaongea vizuri. Kinachobaki ni yale maelezo mafupi baada ya Injili. Hapo utakwama, watasubiri, utamaliza. Watu wa kijijini wamewahi kusubiri mambo marefu kuliko hayo.

Sasa gongo, na yule mama.

Usimfanye adui. Amelisema kwa ukali, lakini swali lake ni halali. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 785, inataka katekista awe mlei aliyefundishwa ipasavyo na anayejulikana kwa maisha ya Kikristo. Anayejulikana na nani? Na watu kama yule mama, wanaokutana nawe kisimani na dukani. Paulo naye anamwandikia Timotheo kuhusu mashemasi kwamba "wajaribiwe kwanza". Kwa hiyo mwombe paroko akujaribu kweli. Kabla ya kupewa cheo chochote, msaidie mzee mgonjwa kufundisha watoto, fungua kanisa, fagia, andika majina ya wanaotaka ubatizo, ongoza rozari misibani. Mama atakuwa anaangalia, mwache aangalie. Na misibani na harusini ndiko utakakotegewa kikombe, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Katekista haachi kualikwa. Panga mapema na mkeo au rafiki mmoja wa kukaa naye, na saa ya kuondoka ijulikane kabla hujafika.

Kuna mlevi mmoja wa Dublin, Ayalandi, ambaye huwa napenda kuwasimulia watu wa aina yako. Aliitwa Matt Talbot, alizaliwa mwaka 1856, alianza kunywa angali mtoto, na mshahara wake wote ulikuwa unaishia baa. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, aliapa kuacha kwa miezi mitatu, kwa sababu zaidi ya hapo hakujiamini. Miezi mitatu ikawa maisha yote. Hakuwa padre wala katekista. Alikuwa kibarua kwenye yadi ya mbao, na wewe fundi kama ungekutana naye mngezungumza. Alifariki mwaka 1925 akiwa njiani kwenda misa, akaangukia barabarani. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alizitambua rasmi fadhila zake za kishujaa.

Lakini si kwa ajili ya hayo ninamtaja. Inasimuliwa kwamba alipoacha pombe alizunguka kwenye baa alizokuwa akidaiwa, akalipa moja baada ya nyingine. Na kulikuwa na mpiga fidla mmoja maskini ambaye yeye na wenzake walimwibia fidla yake wakaiuza wakainywa. Talbot alimtafuta mtu yule mji mzima amlipe. Hakumpata. Zile fedha akazitoa ili ziombewe misa roho ya mpiga fidla.

Wewe mpiga fidla wako hajapotea, mwanangu. Yuko kidato cha pili Sumbawanga, na mama yake ana namba yako ya simu.

Haya, nimemrudia.

Watu wengi wakisema Mungu huwatumia wasio wakamilifu, huwa wamechanganya mambo kwenye gunia moja. Kigugumizi chako hukukichagua. Gongo uliichagua na ukaiacha. Huyu binti ni jambo unaloendelea kulifanya leo, wakati unasoma hapa. Ile aya ya Paulo ya hazina katika vyombo vya udongo nimeisikia mara nyingi mno kinywani mwa watu wasiotaka kubadilika. Chombo cha udongo ni udhaifu. Simu inayoita mpaka ikakata huku mwenyewe unaitazama, huo si udhaifu wa udongo, huo ni uamuzi.

Zakayo aliitwa akiwa bado juu ya mti na dhambi zake zote, Yesu hakusubiri ateremke amesafishwa. Hapo ndipo mahubiri mengi huishia. Mstari wa 8 wa Luka 19 Zakayo anasimama nyumbani kwake mwenyewe na kutaja fedha: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Dawa ya deni ni kulipa, hata kama mdaiwa amekwisha kuokoka.

Na kama unaona aibu ya kuwa na mtoto wa nje ya ndoa ndiyo inayokufungia mlango, tazama Mtakatifu Agustino, Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, mwaka 354. Aliishi na mwanamke bila ndoa miaka mingi, wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus. Agustino alipobatizwa na Askofu Ambrosi huko Milano, Pasaka ya mwaka 387, kijana alibatizwa pamoja naye. Hakumficha. Alikaa naye, alijadiliana naye, akaandika kitabu cha mazungumzo yao wawili na kusema wazi kwamba fikra za kijana humo ni za kijana mwenyewe. Mwaka 391 waumini wa Hippo walimkamata kanisani wakamsukuma mbele ya askofu apewe upadre, naye analia. Yeye pia hakuomba.

Ila yule mwanamke alirudishwa Afrika peke yake, na katika maandishi yote ya Agustino jina lake halimo. Ni mtakatifu mkubwa, ninamheshimu, na kwa hilo bado ninamnung'unikia. Wewe katika barua yako mwanamke wa Sumbawanga umemwita "mama yake" tu. Najua umeficha majina, hata lako umelificha. Lakini jiulize kama hata kichwani mwako bado ana jina.

Basi, fanya hivi, na utaratibu wake uufuate.

Zungumza na mkeo kwanza. Si kumwambia kwamba mtoto yupo, hilo analijua, bali kumwambia kiasi gani kitatoka kila mwezi na kitatoka wapi, kwenye mahindi au kwenye milango na vitanda. Mke akiona fedha zinatoka bila yeye kujua ataanza kuwaza mengine. Akishaelewa, mpigie mama wa binti. Usiandike ujumbe, piga. Anza kwa kusema kwamba mwezi wa tatu uliiona simu na hukuipokea. Kisha uliza binti anahitaji nini sasa hivi. Shule ya serikali haitozi ada, lakini kuna sare, madaftari, michango ya chakula, na mwisho wa mwaka ana upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili. Usiahidi makubwa. Tuma kidogo, kila mwezi, tarehe ile ile. Na ujue kwamba hii si hisani: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutunzwa na mzazi wake, awe wa ndani ya ndoa au nje, na mama yule angeweza kwenda ustawi wa jamii siku yoyote. Hajaenda. Amekupigia simu.

Baada ya hapo nenda Sumbawanga uonane na binti, kama mama yake atakubali na yeye mwenyewe atataka. Usiende na rozari mkononi ukamwambie Mungu amekuita. Usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo ili wewe urudi ukiwa mwepesi. Hana deni lolote kwako. Akikasirika, kaa. Akinyamaza, kaa. Akiuliza mbona hukuja, jibu ukweli, na usiutaje ulevi kama sababu kabla hujataja woga.

Jambo jingine: siku ukisimama kigangoni usimgeuze binti huyu kuwa ushuhuda. Siku hizi tunapenda kusimama mbele na kueleza tulikotoka, watu wanapiga makofi na vigelegele. Gongo ni yako, simulia ukitaka. Binti ana shule yake, ana rafiki zake, na hajakupa ruhusa.

Kwa paroko sasa. Usimpelekee neno la kukataa, na la kukubali nalo lisubiri. Mwambie hivi: "Baba, kabla sijakujibu kuna jambo la familia yangu unapaswa kulijua." Mweleze lote. Na mweleze mkiwa mmekaa karakana, siyo kwenye kitubio. Kwenye kitubio utaondolewa dhambi, lakini padre amefungwa, hawezi kulitumia alilolisikia kufanya uamuzi juu yako, wala kukuuliza tena baadaye linaendeleaje. Nje ya kitubio anaweza kukuambia subiri mwaka mmoja. Anaweza kukuambia endelea. Anaweza hata kumtafuta mwingine, na hilo likitokea bado utakuwa na mke anayekuamini, na binti anayejua sauti yako, na kwaya.

Mimi nadhani atakuambia endelea. Mtu aliyekuja kukaa kwenye maranda na kanzu yake amekwisha kuulizia habari zako kabla ya kufika.

Akikuambia hivyo, muulize mambo ambayo watu huona haya kumuuliza padre. Masomo ni ya muda gani, na ni ya kukaa chuoni au semina za vipindi? Msimu wa kulima ukikukuta huko, nani atalima? Kigango kitachangia nini nyumbani kwako, mahindi au posho, na ni kwa maandishi au kwa maneno? Makatekista wengi wamezeeka na baiskeli iliyochakaa kwa sababu hawakuuliza. Wewe una watoto watatu nyumbani na mmoja Sumbawanga, uliza kabla hujakubali.

Shangazi